Jasho Lilipomkauka Shemeji

Nilishuka duarani kwa mara ya kwanza wakati cheti changu cha ualimu kikiwa ndani ya bahasha, chini ya godoro, nyumbani kwa dada yangu Ushirombo. Nilikuwa nimesomea kufundisha baiolojia. Ajira zilikuwa hazitoki, na zilipotoka jina langu halikuwamo. Kwa hiyo nilikaa kwa dada mwaka wa kwanza, nikakaa na wa pili, nikilima naye na kula kwake, mtu mzima wa miaka ishirini na saba ambaye watoto wa jirani walimwita mwalimu kwa heshima, na wazazi wao kwa kejeli.

Mume wa dada hakuwahi kunikejeli. Huyo ndiye shemeji ninayesimulia habari zake. Sisi ni Wasumbwa. Yeye ni Msukuma ambaye wazazi wake walihamia upande wetu na ng'ombe, wakapata malisho wakabaki. Alikuwa mtu wa mwili. Sina namna nyingine ya kumweleza. Wakati wa kilimo, vikundi vilipokwenda kulima leo shamba la huyu na kesho la yule, yeye aliwekwa kwenye tuta la pembeni, lile refu kuliko yote, na bado ndiye aliyefika mwisho kabla ya wenzake. Akifika anageuka, anaegemea mpini wa jembe, anawasubiri huku anacheka. Jasho lilimtiririka mgongoni kama mtu aliyemwagiwa ndoo. Dada alikuwa akiwaambia wanawake wenzake, "Ukiolewa na huyu, uwe na kisima chako mwenyewe."

Mwaka huo mvua zilikata mapema. Mahindi yalisimama yakiwa yamefika kiunoni, yakapauka, yakaanza kulia kama karatasi upepo ukipita. Shemeji alizunguka shamba lote asubuhi moja, akarudi, akanawa miguu, akaniambia kuna mtu anamfahamu mwenye duara la dhahabu Rwamgasa, anatafuta watu wa kushuka.

"Twende wote," alisema. "Mwili tunao. Hapa tutakaa kuangaliana tu."

Mwili alikuwa nao yeye. Mimi nilikuwa mwembamba wa kubeba vitabu. Lakini nilikubali kabla hajamaliza, kwa sababu nilikuwa nimechoka kutumwa dukani.

Dada alitufungia michembe kwenye mfuko wa nailoni, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani ambavyo kwetu ndiyo chakula cha safari. Aliponipa, alinivuta pembeni ya nyumba.

"Wewe umesoma," alisema. "Mwangalie mwenzio. Yule hajui kuchoka. Akichoka hajui kama amechoka."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Duara ndilo jina la shimo la kuchimbia dhahabu. Letu lilikuwa na mdomo wa mraba usiozidi upana wa kitanda, limefunikwa na turubai, na juu yake winchi ya kuvutia mifuko ya mawe. Mtu alishuka kwa miguu, akikanyaga vipande vya miti vilivyobanwa kutoka ukuta huu hadi ukuta wa pili, futi mia mbili kwenda chini, halafu njia ikageuka ubavuni na kufuata mwamba. Pembeni ya mdomo kulikuwa na blowa, mashine ya kupuliza hewa, iliyofungwa bomba refu la plastiki lililoshuka mpaka tulipofanyia kazi. Blowa ikiunguruma, bomba lile lilivimba na kutetemeka kama utumbo.

Nilidhani chini ya ardhi kutakuwa na baridi. Kila asiyewahi kushuka hudhani hivyo. Futi za kwanza ni za baridi kweli, ukuta una unyevu, unajisikia vizuri. Kisha joto linakupokea kutoka chini. Si joto la jua, ambalo lina upande na unaweza kuligeuzia mgongo. Lile limekuzunguka lote, limelowa, linanuka baruti na jasho la watu wa shifti iliyopita. Jasho linakutoka lakini halikauki. Linabaki juu ya ngozi kama nguo ya pili.

Nilikuwa nimelisoma somo hilo. Nilijua kwamba binadamu hapozwi na jasho lenyewe bali na kule kukauka kwake, na kwamba hewa ikiwa imejaa unyevu mwili unamwaga maji ya bure. Nilijua moyo unagawanya damu, nyingine kwenye misuli inayofanya kazi, nyingine kwenye ngozi ikapoe, na damu haitoshi kotekote. Kulisoma ni jambo moja. Siku ya pili nilikaa chini katikati ya kazi nikisikiliza moyo wangu ukipiga masikioni, vidole vimekakamaa kwenye mpini wa nyundo, ikabidi nivifungue kimoja kimoja kwa mkono mwingine. Jioni mapaja yalinikaza mpaka nikapiga kelele kambini. Mkojo ulikuwa wa rangi ya chai ya rangi. Shati nililolivua lilikuwa na mistari myeupe ya chumvi, mmoja juu ya mwingine.

Shemeji naye aliumia siku hizo, lakini aliumia kimya.

Kiongozi wa shifti yetu alikuwa mtu wa Singida, mfupi, mwenye kikohozi kikavu ambacho watu wa maduara wanakifahamu na hawakiulizi. Yeye ndiye aliyetushika mkono. Wiki ya kwanza alituzuia kufanya zaidi ya nusu ya shifti. Alitulazimisha kunywa maji yenye chumvi kidogo kabla ya kushuka, hata kama hatuna kiu, na kila baada ya mifuko kadhaa akatutoa kwenye mwamba tukakae karibu na bomba la hewa.

"Mwili unafundishika," alituambia. "Ila haufundishiki kwa siku moja. Waliokuja na haraka wote niliwaona wakirudi nyumbani wamebebwa."

Ikawa kweli. Baada ya siku kumi hivi nilianza kuona tofauti. Jasho lilinitoka mapema zaidi, kabla joto halijanizidi, na nilipolilamba mdomoni halikuwa na chumvi kali kama mwanzo. Moyo ulitulia. Niliweza kufikiri nikiwa kule chini. Nilifurahi kama mwalimu ambaye jaribio lake limefaulu, nikamweleza shemeji usiku huo kambini jinsi mwili unavyojirekebisha, unavyoongeza maji katika damu, unavyojifunza kubana chumvi yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sikufundishwa, shemeji," alisema. "Nimezaliwa hivi." Akajigeuza akalala.

Tulifanya kazi miezi miwili. Mwamba ulikuwa mkavu, hauna kitu. Tulikula, basi. Halafu baba mdogo wa shemeji akafariki, na shemeji akaenda kuzika. Alikaa huko karibu wiki tatu, maana msiba wa kwao una mambo mengi. Wakati hayupo ndipo mwamba ulipobadilika. Jiwe likaanza kuwa na rangi ya kutu, na ukilimulika kwa tochi ya kichwani unaona vichembe. Watu wa duara la jirani nao walikuwa wakiufuata mshipa uleule kutoka upande wao. Tukinyamaza tuliwasikia wakigonga. Yule atakayefika kwanza ndiye atakayekula. Nilimpigia shemeji simu nikamwambia arudi haraka.

Ni mimi niliyepiga ile simu. Nalitaja hili kwa sababu katika kusimulia huwa ninaliruka.

Alirudi amepungua. Tumbo lilikuwa likimwendesha tangu siku mbili, chakula cha msibani, alisema. Kiongozi wetu alimtazama pale kambini akatikisa kichwa.

"Wewe unaanza upya. Nusu siku, kama mgeni."

"Nimetoka wiki tatu tu, kaka."

"Mwili unasahau. Wiki tatu zinatosha."

Nami nilijua kwamba unasahau. Kilichojengwa kwa siku kumi hubomoka taratibu mtu akikaa mbali na joto, na mtu anayeharisha ana maji machache hata kabla ya kuanza. Nilikuwa nimekaa hapohapo, sahani ya ugali mapajani. Shemeji alinigeukia, akitaka nimuunge mkono, nikasema labda afanye siku nzima lakini polepole. Kiongozi akatutazama wote wawili, akaanza kukohoa, akatuachia.

Kesho yake yeye mwenyewe hakushuka. Kikohozi kilikuwa kimembana, akaenda zahanati. Tulishuka watatu: shemeji, mimi, na mchimbaji mmoja kutoka Kigoma ambaye kazi yake ilikuwa kuvuta mifuko kutoka kwetu hadi chini ya winchi. Tukiwa tumefanya kazi kama saa moja, bomba la hewa likalegea. Likalala chini kama gunia tupu. Sauti ya msimamizi wa duara ilishuka kutoka juu: mkanda wa blowa umekatika, mwingine unaletwa na bodaboda kutoka Geita, tuendelee kidogo kidogo.

Tulinyamaza, tukasikia wale wa jirani wakigonga. Walikuwa karibu kuliko jana.

Shemeji akachukua tindo na nyundo.

Bila ile hewa joto lilipanda kama maji yanavyopanda kwenye ndoo. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma yake, nikizoa mawe kwa karai na kuyatia mfukoni. Taa zetu zilikuwa na ukungu. Nilikuwa nikilowa mpaka macho yananichoma, nikijifuta kwa mkono ambao nao umelowa. Ndipo aliponyoosha mkono nyuma kunipa jiwe kubwa lililobanduka, na mkono wake ukapita juu ya wangu.

Ulikuwa mkavu.

Ulikuwa mkavu na wa moto, kama ukuta wa tanuri la matofali siku ya pili. Nilimmulika mgongoni. Vumbi lilikuwa limemkaa juu ya ngozi, jeupe, halijalowa popote. Mgongo ule niliuona mashambani ukichuruzika maji asubuhi ya baridi.

Nilijua. Sitaki mtu anihurumie kwa kusema labda sikujua. Nilijua kwa jina lake na kwa ukurasa wake. Nililifundisha somo hilo nikiwa kwenye mazoezi ya ualimu, nikachora ubaoni mtu aliyesimama juani, nikaandika: jasho likikoma wakati joto bado lipo, ni hatari ya kifo.

"Shemeji," nilisema, "umekunywa maji?"

Aligeuka. Taa yake ilinipiga usoni, sikumwona vizuri. Alikaa hivyo kitambo.

"Nimekunywa," alisema.

Chupa yake ilikuwa karibu na goti langu. Ilikuwa imejaa.

Nikazoa mawe. Nilijiambia mifuko mitatu tu, kisha nitamtoa. Jiwe lilikuwa zuri siku ile. Kila lililoanguka lilikuwa na rangi. Niliwaza chumba cha kupanga mjini Geita, niliwaza kuondoka nyumbani kwa dada kwa mlango wa mbele, na begi jipya. Hayo ndiyo niliyoyawaza. Labda ilikuwa nusu saa, labda ilipungua. Kule chini muda haupimiki vizuri, na mimi sikuwa nataka kuupima.

Kwanza nyundo ilianza kukosa tindo. Ikagonga mwamba, ikagonga kidole chake, hakusema kitu. Halafu akaanza kuongea Kisukuma, sauti ya chini, ya mtu anayejiongelea malishoni. Nilidhani ananitania. Akasema ndama wamefunguka. Akasema wapelekwe kwenye maji. "Minzi," yaani maji, alirudia, "minzi, minzi," akinyoosha mkono kuelekea mwisho wa shimo ambako hakukuwa na kitu ila giza la mwamba. Alivua kofia na taa yake akaviweka chini kwa uangalifu, akaanza kwenda huko. Hatua ya tatu akaanguka.

Nilipiga kelele. Yule wa Kigoma alikuja akitambaa. Shemeji alikuwa akitapika na kutupiga, na nguvu zake bado zilikuwa nyingi. Alinipiga ngumi ya mdomo ikanivunja jino hili la pembeni. Tulimburuta mpaka chini ya winchi, tukamfunga kamba kifuani na chini ya mapaja, tukapiga kelele juu wavute. Tulimwona akipanda akijizungusha, kichwa kimeanguka, mwanga ukimmeza. Mimi nilipanda nyuma yake kwa miti ile, na sijui nilipandaje.

Juu palikuwa na jua la saa tano na watu wengi. Walikuwa wamemlaza juu ya lundo la mchanga. Mmoja alisema amevuta hewa mbaya, apewe maziwa. Mwingine alisema ana majini, asiguswe. Msimamizi alikuwa anapiga simu. Mwili wa shemeji ulikuwa unatetemeka wote, na macho yalikuwa wazi hayaangalii. Nami, mwalimu wa baiolojia, nilisimama na damu mdomoni nikiwatazama.

Aliyefanya jambo la maana ni mama mmoja aliyekuwa akitupikia wachimbaji, mama wa makamo. Hakuuliza mtu. Alikuja na ndoo yake ya maji ya kupikia akammwagia kichwani na kifuani, akarudi akaleta nyingine, akarudi tena. Alivua kanga ya begani akailowesha akaanza kumpepea nayo. "Mvueni nguo!" alitukemea. "Mmesimama kama nguzo! Mtu anaungua huyu, hamuoni?"

Tulimpakia kwenye bodaboda, yeye katikati na mimi nyuma nimemkumbatia. Mgongo wake ulikuwa dhidi ya kifua changu njia nzima, na ule moto ulipita kwenye shati lililoloweshwa na yule mama mpaka likakauka.

Kituo cha afya kilikuwa na daktari mmoja zamu hiyo, mwanamke kijana kuliko mimi. Alipima joto, akatazama kipimo, akapima tena. Akaagiza barafu kutoka dukani, akaagiza mashuka yaliyolowa, akamtundikia maji pande zote mbili. Alifanya yote hayo bila kunitazama. Baadaye akasimama mbele yangu na karatasi.

"Kaka, wewe ndiye ulikuwa naye?"

"Ndiyo, dokta."

"Aliacha kutoa jasho saa ngapi?"

Nilijifuta damu mdomoni kwa mkono wa shati.

"Nataka kujua amekaa na hili joto muda gani," alisema. "Kila dakika ina maana kwenye figo na kwenye ubongo. Alianza kukauka lini?"

"Sikuona," nilisema. "Kulikuwa na giza."

Aliandika. Nilitazama kalamu yake ikiandika nilichosema.

Siku hiyo hiyo walimpeleka Geita, na kutoka Geita wakampeleka Mwanza. Alikaa hospitali wiki nne. Mkojo wake ulitoka kidogo, mweusi kama soda, kwa sababu misuli yake ile mikubwa ilikuwa imevunjika ndani kwa ndani na taka zake zimeziba figo. Mtu mwenye mwili mdogo asingekuwa na mengi ya kuvunjika hivyo. Hilo nilielezwa na daktari wa pale, naye alilisema kama jambo la kawaida. Figo zilirudi taratibu. Akili ilirudi. Alimtambua dada, akauliza watoto wamekula nini. Tulimshukuru Mungu kwa sauti wodini.

Ilikuwa siku ya kumsimamisha ndipo tulipoona. Alinyanyua mguu, mguu ukaenda pembeni. Akaunyanyua mwingine, ukaenda kivyake. Alitaka kushika kikombe, mkono ukakipita, ukarudi, ukakipita tena. Maneno yalimtoka mdomoni yameburutika. Daktari alitueleza kwamba joto limeharibu sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayopanga mwendo na usemi, na kwamba huenda ikapona kidogo, huenda isipone. Pia asikae juani tena. Mwili uliokwisha kuungua namna ile hupoteza uwezo wa kujipoza, na safari ya pili haitakuwa na hospitali.

Dada aliuliza swali moja tu. "Kulima?"

Daktari akatikisa kichwa.

Ni miaka saba sasa. Anatembea kwa fimbo, miguu ikiwa imetanuka, anayumba. Anaongea kama mlevi. Mtu aliyemfahamu zamani huvumilia, lakini Ushirombo ni mji wa biashara, wageni wanakuja kila leo. Kuna harusi moja tulikwenda pamoja, ya mtoto wa jirani. Vijana waliokuwa wakihudumu walipita na vinywaji, wakamruka. Alipoita, mmoja akamwambia kwa upole kabisa, "Baba, wewe inatosha, utaanguka." Alikuwa hajanywa hata maji tangu asubuhi. Watu wa meza yetu wakainamia sahani zao. Shemeji alicheka, kicheko chake kikatoka kirefu, kimepinda, na yule kijana akakichukua kuwa ni uthibitisho.

Kuanzia saa nne asubuhi hadi jua lipinde, yuko ndani. Dada analima peke yake na watoto. Ng'ombe wameuzwa mmoja mmoja. Wapo majirani wanaosema alitupiwa kitu kwa ajili ya dhahabu ile, na dhahabu yenyewe ilichukuliwa na duara la jirani, waliofika siku mbili baada ya sisi kumtoa.

Mimi ajira yangu ilitoka mwaka uliofuata. Nafundisha sekondari ya kata upande wa Shinyanga, na mada ya joto la mwili ninaifundisha kila mwaka. Mwaka juzi msichana wa kidato cha tatu alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, mtu akiacha kutoa jasho, aliye karibu naye anaweza kuona?"

"Anaweza," nilisema.

"Sasa si anamwokoa?"

Nikawapa zoezi, nikatoka nje.

Likizo hiyo nilikwenda Ushirombo nimeamua. Nilimkuta dada nyuma ya nyumba akikata viazi vya michembe na kuvitandaza juu ya mkeka. Nilikaa naye, nikachukua kisu, nikakata naye mpaka rundo likakaribia kuisha. Kisha nikamwambia. Mkono, vumbi jeupe mgongoni, chupa iliyojaa, mifuko mitatu. Nikamwambia na nilichomjibu daktari.

Hakuacha kukata. Alimaliza kiazi alichokishika, akavitandaza vipande vyake kimoja kimoja visigusane.

"Ungeniambia wakati ule," alisema, "ningekuchukia, ningelia, ningemaliza. Sasa hivi nianze lini? Nina shamba. Nina yule mle ndani. Umeniletea kazi nyingine."

"Dada, nisamehe."

"Sijasema sikusamehe. Nasema sina muda." Alifuta kisu kwenye kanga. "Nilikuambia umwangalie."

"Ulinambia."

"Nawe ukamwangalia," alisema. Alinyanyuka, akajishika kiuno kwa mikono miwili, akaenda kuchota maji.

Nilidhani shemeji amelala. Dirisha lilikuwa juu yetu, na pazia halikuwa na upepo. Nilipoingia kumjulia hali alikuwa ameketi kitandani kifua wazi, taulo lililolowa shingoni, anavyokaa mchana wote. Sikujua amesikia kiasi gani. Alinionyesha kigoda nikakaa.

Ilimchukua muda kuyapanga maneno. Sasa ndivyo anavyoongea, anatafuta kwanza mdomoni.

"Mengi ya siku ile sikumbuki," alisema. "Winchi sikumbuki. Hospitali sikumbuki. Lakini taa yako naikumbuka. Ulinimulika mgongoni, ukakaa. Nikageuka nikakutazama. Nilijua umeona kitu."

"Kwa nini hukusema unaumwa, shemeji?"

"Mimi?" Alitikisa kichwa, na kichwa kikaendelea kutikisika alipotaka kisimame. "Mimi nilikuwa nasubiri useme wewe. Ningekataa. Lakini ungesema."

Nje nilimsikia dada akimimina maji kwenye pipa, ndoo ya kwanza, ya pili. Shemeji alinipa taulo lake nikalichovye tena kwenye beseni, kwa sababu lilikuwa limeanza kukauka. Nililikamua, nikamzungushia shingoni, nikamwaga maji kidogo sakafuni ili chumba kipoe.

Tangu siku hiyo dada ananipikia nikienda, na ananiitikia salamu. Hajawahi kuniuliza tena jambo lolote, si la kazi wala la afya yangu. Msimu wa kulima ninaomba ruhusa shuleni siku tatu nne ninakwenda kumsaidia. Huniwekea jembe mlangoni asubuhi, ananionyesha kwa kidevu pa kuanzia, na yeye anaanzia upande wa pili wa shamba.